Waliopita Bila Salamu

Mgonjwa wa kwanza alikuwa tayari amelala kitandani, jicho moja limetiwa ganzi na uso umefunikwa kitambaa chenye tundu, muuguzi wa stoo alipopeleka mkono rafuni kuchukua lenzi na mkono ukapitiliza hadi ukutani.

Hakupiga kelele mara moja. Aliondoa kiboksi cha mbele, akachungulia. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Akaondoa kingine, na kingine. Rafu nzima ilikuwa uso mtupu: safu moja ya viboksi imepangwa kwa unadhifu, lebo zote zimetazama mlangoni, na nyuma ya safu hiyo ni vumbi na giza. Jumatatu rafu hiyo ilishindiliwa hadi ukutani lenzi za msaada kwa wazee wenye mtoto wa jicho. Leo ilikuwa Alhamisi, na wazee wenyewe walikuwa wamekaa nje kwenye mabenchi tangu alfajiri, kila mmoja na mtu wake wa kumshika mkono.

Hapo ndipo alipopiga kelele.

Inspekta alifika hospitalini saa nne, na alifika na hasira zake kabisa, kwa sababu alikuwa amepitia kituoni kwanza. Katika chumba cha mahabusu alimkuta mwanamke amesimama peke yake, amejikumbatia kifuani, gauni lake la kazi limelowa mabaka mawili. Inspekta alidhani kamwagikiwa na maji. Kisha akaelewa.

"Wako wapi?" aliuliza.

"Kwa mama mkwe, afande. Pacha. Hawajanyonya tangu nitoke nyumbani."

"Chupa hawataki?"

"Wanaitema." Mama Pacha alifuta pua kwa kiwiko. "Afande, mimi napiga deki. Hiyo lenzi hata ukiniwekea kiganjani sijui kama ni lenzi au ganda la karanga. Yule Sajini kaniuliza, umeuza wapi? Nimwambie nini? Kila ninachosema anaandika kana kwamba namtajia bei."

Saa tisa alasiri angefikishwa mbele ya hakimu. Sajini alikwishaandika kwamba apelekwe rumande, asije akatoroka. Atoroke kwenda wapi, na watoto wawili mgongoni! Inspekta alitoka kituoni akiwa ameuma meno hadi taya likamuuma.

Aliegesha gari upande wa wafanyakazi, akaingia kwa mlango wa pembeni, akapita ubavuni mwa meza ya mlinzi, kati ya meza na ukuta, karibu kiasi cha kumpangusa bega. Hakumsalimu. Mama yake angekuwapo angemvuta sikio, lakini kichwa chake kilijaa yale mabaka mawili. Alifuata ujia hadi mwisho, akamkuta Sajini mbele ya stoo, ametulia kama bwana harusi.

"Kesi imekwisha, afande," Sajini alisema. "Nilikuwa nakusubiri tu uone."

"Ufunguo?"

"Unaning'inia kwenye msumari chumba cha wauguzi. Kila mtu anaujua. Hata mimi sasa naujua."

"Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kufungua."

"Kufungua, ndiyo. Kufika, hapana. Ujia huu una mdomo mmoja, na mdomoni pamekaa mlinzi, mzee wetu. Tangu Jumatatu, mchana kutwa. Jioni akiondoka anafunga geti la chuma la ujia na ufunguo anaenda nao nyumbani." Sajini alishika mkanda wake. "Anasema wamepita watatu tu. Daktari na muuguzi, ambao kwa sheria ya hapa lazima waingie stoo pamoja. Na Mama Pacha, na ndoo yake, peke yake, kila siku. Kabati la mafagio liko hapo jirani na stoo."

"Umempekua?"

"Yeye na nyumba yake."

"Umekuta nini?"

"Nepi."

Inspekta alimtazama mpaka Sajini akaacha kutabasamu.

"Kwenye geti la nje wafanyakazi wanapekuliwa mikoba wakitoka?"

"Wote. Hata Daktari."

"Basi alipitishaje?"

"Kwenye ndoo, chini ya matambara. Afande, tuna shahidi. Wanamwita Mzee Darubini. Nenda mwenyewe ukamjaribu macho, ndipo unigombeze."

Walirudi hadi ukumbi wa mapokezi. Meza ya mlinzi ilitazama mlango mkubwa wa vioo, na mzee mwenyewe alikaa wima nyuma yake, kikombe cha chai kimewekwa katikati kabisa mbele ya mikono yake. Sajini alimzunguka akasimama mbele, akapaza sauti kama kondakta.

"Mzee wangu! Hebu msomee bosi namba ya ile pikapu kule getini."

Mzee hakukunja hata uso. Akasoma namba yote, herufi na tarakimu, kisha akaongeza maandishi madogo ya mlangoni: fundi wa vifaa vya hospitali, na simu yake. Inspekta, ambaye umri wake ulikuwa nusu ya ule wa mzee huyo, ilimbidi asogee kwenye kioo ndipo aone kwamba kuna maandishi.

"Umeona?" Sajini alinong'ona. "Darubini."

"Pikapu ya nini?" Inspekta aliuliza.

"Imekuja kubeba mashine mbovu," alijibu mtu nyuma yake, naye Inspekta akashtuka, kwa sababu hakumsikia akija.

Alikuwa mpima macho wa hospitali, mwanamume mchangamfu, koti jeupe lililopigwa pasi, kamba imezungushwa begani. Muuguzi wa stoo, aliyekuwa akipita na macho mekundu kwa kulia, aliguna.

"Tangu anunue hizo raba zake anatutokea kama paka. Siku moja utamuua mtu kwa mshtuko, Mpimaji."

"Nikukute unasinzia tu, dada yangu."

Chumba chake kilikuwa hapo hapo, jirani na mlango wa pembeni. Ndani, juu ya meza yenye kabati la chuma chini yake, ilisimama mashine kubwa imefunikwa shuka la kijani, na juu ya shuka pamebandikwa karatasi: MBOVU. Mpimaji alirudi kuizungushia kamba. Inspekta alisimama mlangoni, akamuuliza maswali ya kawaida, naye akajibu bila kusita. Stoo hakuwa na shughuli nayo. Kazi yake ni miwani na vipimo. Mama Pacha? Masikini, mtu mwema, lakini shida humbadilisha mtu.

"Hii inapima nini?" Inspekta aliuliza, akielekeza kidevu kwenye shuka.

"Ilikuwa inapima, afande. Vitu vya kitaalamu, nitakuchosha." Akaacha kamba, akaonyesha bango ukutani. "Lakini njoo nikuonyeshe kitu, upunguze hasira. Unaona nini pale?"

Lilikuwa bango la kuburudisha wagonjwa. Inspekta alitazama. "Pembetatu. Nyeupe."

"Kando zake unaziona?"

"Naziona."

"Sogea. Weka kidole juu ya ukingo wake."

Inspekta akasogea, akatafuta ukingo. Haukuwapo. Palikuwa na karatasi nyeupe tupu, na madoa matatu meusi ya mviringo, kila moja limemegwa kipande kama chapati iliyoonjwa. Akarudi nyuma hatua mbili, na pembetatu ikarudi, nyeupe kuliko karatasi yenyewe.

"Hakuna pembetatu," Mpimaji alicheka. "Hakuna aliyeichora ila kichwa chako. Jicho linapeleka vipande tu. Ubongo unachukia pengo, afande. Ukikuta pengo unaziba, na haukuambii kwamba umeziba."

Wakati mwingine angecheka. Lakini saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa sita, na Inspekta alihisi kuchezewa.

Alikwenda moja kwa moja kwa muuguzi wa stoo, akafunga mlango.

"Kila asubuhi unaangalia rafu?"

"Kila asubuhi."

"Na jana ilikuwa imejaa?"

"Niliona imejaa!" Muuguzi alianza kulia upya. "Nafungua mlango, naona lebo zimepangwa, moja mbili tatu mpaka mwisho, nasema ziko. Nani anaona sura ya mtu akafikiri labda hana kisogo? Nikamatwe mimi basi. Mwacheni yule mama."

"Wewe na Daktari, huwa mnaingia pamoja kweli?"

"Kweli, na tunagombana njia nzima. Anasema naweka lenzi mbali na mlango, mimi namwambia akazipange yeye. Muulize mlinzi, anatusikia kila siku."

Huyo hakuwa mwizi. Mwizi hajiombei pingu. Basi Inspekta akabaki na jibu moja tu, na jibu hilo likamchemsha damu: mzee aliyekaa mdomoni mwa ujia alikuwa anamficha mtu, na kwa ajili ya mtu huyo alikuwa tayari kumtupa mama wa watoto wachanga jela.

Alitoka kwa kishindo, akaizunguka meza, akasimama mbele ya mzee. Hata hivyo malezi ni malezi.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu." Uso wa mzee ulichanua. "Karibu. Ndiyo kwanza unaingia?"

Inspekta alihisi masikio yakimwaka. Alijua anasutwa. "Nimeingia tangu saa nne, mzee. Nilipita hapa bila kukusalimu, unisamehe, nilikuwa na haraka. Na baadaye nilikuja na Sajini."

"Sajini nilimsikia, anasema na bosi wake." Mzee alikunja nyusi. "Hukupita hapa saa nne, binti yangu. Labda ulipita mlango mwingine."

"Nilikupita hapa, ubavuni mwako."

"Hukupita."

Alisema bila ukali. Inspekta aliweka viganja viwili mezani.

"Mzee, kuna mtoto wa miezi minne analia njaa, na mwenzake. Mama yao yuko ndani kwa neno lako. Nani mwingine alipita hapa?"

"Hakuna."

"Anakulipa?"

Mzee alijiinua kitini. "Binti, nimekaa kwenye malango ya watu tangu hujazaliwa. Sijawahi kusema nimeona nisichokiona. Yule Mama Pacha ni kama mwanangu. Kila akipita anaweka ndoo chini, anazunguka mpaka hapa mbele, uliposimama wewe, ananiamkia. Unadhani napenda kumtaja? Nimeulizwa nani alipita. Nimemtaja aliyepita."

Wakati huo huo muuguzi wa stoo alitoka chumbani, amevua viatu vyake vya kazi, amevishika mkononi kwa uchovu. Alipita kati ya meza na ukuta, sketi yake ikapangusa mkono wa kiti cha mzee, akaingia ujia. Inspekta alimtazama akipita. Mzee alikuwa akimtazama Inspekta.

"Na sasa hivi?" Inspekta aliuliza polepole. "Nani amepita?"

"Sasa hivi? Hakuna mtu. Ni mimi na wewe."

Inspekta alikuwa amehoji waongo wengi. Mwongo ana mahali pa kujificha usoni, na baada ya miaka unapajua. Uso wa mzee huyu ulikuwa wazi kama sahani. Akauinamia. Macho yalikuwa meupe safi, yametulia kwake moja kwa moja, hayakuhangaika huku wala huku. Ndipo akaona mabega. Shati la sare lilikuwa limechubuka kwenye mabega yote mawili, na juu ya uchakavu huo pamepakaa chokaa ya ukuta.

"Mzee, mabega yamefanya nini?"

Mzee alicheka kwa aibu. "Ah, uzee. Milango ya siku hizi imekuwa myembamba. Mke wangu anasema nimeanza kunywa ukubwani. Juzi nimempiga kikumbo mjukuu wangu, kumbe yuko hapo ubavuni muda wote."

Kikombe katikati kabisa. Mama anayezunguka hadi mbele. Daktari na muuguzi wanaogombana njia nzima. Sajini anayepiga kelele kama kondakta. Kila mtu ambaye mzee huyu alimwona, alimsikia kwanza, au alikuja mwenyewe akasimama mbele yake.

Ubongo unachukia pengo, afande.

Inspekta alimkuta Daktari mkuu amekaa juu ya boksi tupu nje ya chumba cha upasuaji, kofia mkononi, kama mtu aliyefiwa.

"Niambie kitu kimoja," alisema bila utangulizi. "Mtu anaweza kusoma herufi ndogo mbali vile, na bado asione mtu aliye ubavuni mwake?"

Daktari aliinua kichwa. "Anaweza. Presha ya macho. Inakula kando kwanza, polepole, haiumi. Katikati inaacha mpaka mwisho kabisa."

"Na anaona nini huko kando? Giza?"

"Angeona giza angekuja mbio hospitali. Haoni giza. Ubongo unachukua kilicho jirani, ukuta mweupe, anga, chochote, unatandika juu ya pengo. Mtu anaapa anaona ukumbi mzima, na kweli anauona. Ila sehemu kubwa ameushona mwenyewe kwa kumbukumbu." Daktari alisita. "Ndiyo maana tunapima kwa mashine. Unaingiza uso kwenye bakuli kubwa, taa ndogo zinawaka pande zote, unabonyeza kitufe ukiziona. Bila mashine hujui. Hata mgonjwa mwenyewe hajui."

"Bakuli kubwa. Lililofunikwa shuka la kijani."

"Ndiyo hilo. Liliharibika mwezi jana, mara tu baada ya kupima wafanyakazi wote. Leo linakwenda kwa fundi, nimesaini lipite geti."

Inspekta alikuwa ameshaanza kukimbia. "Sajini! Ile pikapu isitoke!"

Haikuwa imetoka. Mashine ilikuwa ukumbini, pamoja na meza yake yenye kabati, juu ya kigari cha magurudumu, na Mpimaji akiisukuma kuelekea mlango wa vioo. Sajini alishika kigari upande wa mbele, bado hajui kwa nini, lakini alishika.

"Niachieni, fundi anasubiri," Mpimaji alisema, bado anatabasamu.

"Asubiri," alisema Inspekta. "Mzee, unaniona?"

"Nakuona, binti yangu."

"Kaa kama unavyokaa siku zote. Tazama mlango wa vioo. Nitakuuliza swali moja tu."

Mzee akakaa wima. Inspekta aliweka kidole mdomoni, akawaashiria. Muuguzi akapita kati ya meza na ukuta, pekupeku. Akapita Daktari, amevua viatu, uso umempauka. Akapita Sajini, buti zake mkononi, soksi moja ina tundu. Alipofika usawa wa kiti alipunga mkono kando ya kichwa cha mzee, kisha akapunga tena, kama mtu anayeomba aonwe. Mzee hakutikisika. Aliendelea kuulinda mlango wa vioo kwa macho yake mazuri.

"Nani amepita, mzee?"

"Bado hajapita mtu."

Hakuna aliyepumua. Mzee alisikia kimya hicho, akageuza kichwa kizima, kama mtu anayegeuza tochi, na tochi hiyo ikawamulika watu watatu wamesimama ndani ya ujia, viatu mikononi.

"Mmefikaje hapo?" aliuliza. "Nawauliza, mmefikaje hapo?"

Sajini aliinamisha kichwa. Huenda alikuwa anaziona zile nepi.

"Mpimaji," Inspekta alisema, "mwezi jana ulimpima mzee huyu."

"Niliwapima wengi. Mashine ilikuwa na hitilafu."

"Daktari anasema iliharibika baada ya kupima wafanyakazi."

"Ilikuwa inaanza. Huwezi kuamini majibu ya mashine inayokufa."

"Aliniingiza kichwa kwenye bakuli," mzee alisema taratibu. "Taa zikawaka chache. Nikabonyeza. Akanigonga begani akasema, mzee, una macho ya kijana, wewe darubini. Hapo ndipo jina lilipotoka. Ni yeye aliyenipa."

Inspekta alivuta shuka la kijani. Kamba ikakwaruza, karatasi ya MBOVU ikaanguka chini. Akatafuta waya, akauchomeka kwenye soketi ya ukutani, akabonyeza. Bakuli likajaa mwanga laini, na ndani yake taa ndogo zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine, huku, kule, juu, chini, zikisubiri mtu wa kuziona.

"Mbovu," alisema Inspekta. "Fungua kabati la chini."

"Ufunguo nimepoteza."

Sajini hakungoja kuambiwa. Aliingiza kisu chake cha mfukoni, akakita mara moja, mlango ukajifungua. Viboksi vilimwagika sakafuni kama meno. Muuguzi wa stoo alipiga magoti, akaanza kuvikusanya kwenye sketi yake, kimoja kimoja, huku akimtukana Mpimaji kwa sauti ndogo isiyokatika.

Tabasamu lilikuwa limemtoka Mpimaji hatimaye. Bila tabasamu lile, uso wake ulikuwa wa mtu wa kawaida aliyechoka.

"Kumi na mbili," alisema. "Miaka kumi na mbili nawavisha watu miwani katika chumba kisicho na dirisha. Kibao nje kina jina la Daktari. Kuna kliniki inafunguliwa mjini, walisema nikija na lenzi ni mbia, si kibarua. Zingekuja nyingine! Msaada huwa unakuja tena. Hao wazee wamesubiri miaka, wangekufa wakisubiri miezi miwili?"

"Na Mama Pacha?"

"Sikumtaja mimi. Alimtaja huyu."

"Kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na adabu ya kuzunguka mbele akamwamkia!" Sauti ya Inspekta ilipasua ukumbi, kule nje wazee kwenye mabenchi waligeuza vichwa. "Wewe ulipita kwenye ukuta na raba zako, siku baada ya siku, unajua kabisa ubongo wake utakupaka chokaa. Mwanamke aliyemheshimu ameonekana, akafungwa. Wewe uliyempita kama kiti ndiye msafi!"

"Afande, mimi…"

"Nyamaza."

Mzee alikuwa amesimama. Alikuja polepole, viganja mbele kidogo, hadi akampata Mpimaji katikati ya lile tundu dogo la dunia lililomsalia.

"Ulijua?" aliuliza.

Mpimaji alitazama sakafu.

"Nakuuliza wewe, mwanangu. Siku ile uliponigonga begani. Ulijua nakuwa kipofu?"

"Ungefukuzwa kazi, mzee. Nilikuonea huruma."

Inspekta alimwona Daktari akifumba macho kama aliyepigwa.

"Kuna dawa?" mzee aliuliza, bado anamtazama yule yule.

Ilibidi Daktari ajibu. "Ipo. Ya matone. Hairudishi kilichokwenda. Inazuia kilichobaki kisiende."

"Na mwezi jana? Ningeanza mwezi jana?"

Daktari aliinama kuvaa viatu vyake.

"Mwambie," alisema Inspekta.

"Kingebaki zaidi," alisema Daktari. "Kiasi gani siwezi kujua. Zaidi."

Mzee alitikisa kichwa mara nyingi. Halafu akafanya jambo ambalo Inspekta hakulitegemea. Aliinua mkono wake, akaupeleka begani kwa Mpimaji, akamgonga, taratibu, mara mbili, kama alivyogongwa yeye. Mpimaji akaanza kutetemeka. Ungemzaba kofi angestahimili.

Sajini alimfunga pingu. Alipokwisha alisimama mbele ya bosi wake, buti bado hajavaa.

"Afande, niende kituoni nikamtoe mwenyewe?"

"Nenda. Na ukimtoa, umwombe radhi kwa mdomo wako, si kwa karatasi. Na soksi hizo hizo."

Saa nane na nusu Mama Pacha alikuja kuchukua mkoba wake. Alikuwa amewanyonyesha wanawe palepale kwenye benchi la kituo, mmoja huku, mmoja kule, na askari wote walitazama dari. Sasa mama mkwe alisimama nje na watoto, na yeye akaingia kwa mlango wa pembeni, gauni lile lile, mabaka yamekauka yakaacha mistari.

Inspekta alikuwa ukumbini akimalizia maelezo. Alimwona mwanamke akisimama kando ya meza, kwenye ukuta, pale pale alipopita mwizi. Mzee alikuwa amekaa akitazama mlango wa vioo, kichupa cha dawa ya matone kimesimama mbele yake mahali pa kikombe. Mama Pacha alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, na usoni mwake hapakuwa na upole wowote. Mkoba ulikuwa mwisho wa ujia. Angeweza kupita kimya, akauchukua, akarudi, akaenda zake asionekane tena hapo milele, na mzee angebaki na ukuta wake mweupe. Haki hiyo ilikuwa ya mama huyo, si ya polisi.

Mama Pacha akashusha pumzi. Akazunguka meza, akaja hadi mbele, akainama kidogo ili uso wake uingie vizuri.

"Shikamoo."

Mikono ya mzee ilitafuta ukingo wa meza. Kichupa kikaanguka, kikabiringika, na mama huyo akakidaka kabla hakijafika chini.

"Nimekuona," mzee alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nimekuona, mwanangu."

"Najua, mzee," alisema Mama Pacha, akikirudisha kichupa katikati kabisa ya meza. "Ndicho kilichoniponza. Marahaba yangu iko wapi?"